Cheti cha Kaka Jumaa na Kanzu ya Kigezo

Shika Adabu,
Likoni, Mombasa.
Jumapili, 9 Novemba 2025.

Mpendwa ndugu yangu Mahfudh,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Hali yako, hali ya mkeo, hali ya watoto? Lile goti ulilolilalamikia kwenye simu mwezi wa Ramadhani limepoa, au bado unapanda ngazi kama mzee wa miaka tisini? Na baridi ya huko Leicester imeshaanza kuuma? Sabah, binti wa jirani yetu aliyekubali kukuletea barua hii, ananiambia kwamba mwezi huu jua la kwenu linazama saa kumi jioni. Sijui mnaishi vipi. Vaa soksi mbili, na usinijibu kwamba wewe si mtoto.

Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mvua za vuli zinakuja kidogo kidogo na kukata. Wifi yangu Safa, mke wa Kaka, presha yake imeshuka tangu alipoacha kunywa chai ya chumvi kwa siri. Mimi mwenyewe nakohoa kidogo kwa vumbi la barabara wanayoichimba hapa mbele, lakini sauti ya kukugombeza bado ninayo.

Pamoja na barua hii Sabah atakupa kifurushi kilichofungwa kwa gazeti na uzi wa cherehani. Nakuomba usikifungue. Nakujua wewe, ulikuwa ukitoboa zawadi za Idi kwa kidole kabla ya swala. Kiweke mezani ukione, usome kwanza, na wakati wa kukifungua ukifika nitakwambia.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu yako kila nikikupigia uko njiani, au uko kazini, au mtandao unakatika nikifika palipo na utamu. Barua haikatiki. Tena nataka uwasomee watoto wako kwa sauti, na pale Kiswahili chao kitakapokwama uwasaidie. Kwa hiyo nitaeleza hata mambo unayoyajua, univumilie.

Habari yenyewe ni hii: Kaka Jumaa amepata cheti. Cheti kinachotambuliwa nchi nzima, kina muhuri, kina majina yake yote matatu, na kinasema kwamba yeye ni fundi wa kushona nguo. Ana miaka hamsini na minane. Nimeiandika sentensi hiyo polepole kwa sababu nafurahi kuiandika.

Basi sikilizeni, wanangu. Babu yenu alikuwa mshona kanzu hapa hapa Likoni. Alifariki mwaka 1980. Baba yenu alikuwa na miaka minne, mimi shangazi yenu tisa, na baba yenu mkubwa Jumaa alikuwa na kumi na mitatu, yuko darasa la sita na anaongoza darasa katika hesabu. Khitma ilipokwisha, Jumaa alikifunga kitabu chake, akakalia kiti cha marehemu, akaweka mto chini ili aione sindano vizuri. Shule hakurudi tena. Kila sare aliyoivaa baba yenu, kutoka darasa la kwanza hadi kidato cha nne, aliishona yeye, na hata suti ya kwanza aliyoingia nayo chuo kikuu. Ile shahada ya uhandisi iliyo ukutani kwenu ina jina la baba yenu peke yake, na ni haki yake, maana alisoma kweli. Ila mimi kila nikiiona picha yake naisikia ile cherehani.

Sasa nije kwenye mambo ya leo. Mwaka jana ulianza huku mpango wa kuwapatia vyeti watu wazima wenye ujuzi. Mtu hapelekwi darasani miaka mitatu kufundishwa anachokijua. Anaifanya kazi yake mbele ya watahini, na akifaulu anapewa cheti chake. Mtaa wetu ulihitaji mwandikishaji, nikateuliwa mimi, kwa nguvu ya ule mtihani wa kidato cha nne nilioufanya nikiwa na miaka arobaini na miwili. Ulicheka kwenye simu siku ile. Nimekusamehe.

Nilitembea nyumba kwa nyumba na daftari langu, kuanzia barabarani hadi kule nyuma ya msikiti. Niliandika watu mia mbili na kumi na wanne: waashi, mafundi umeme, wasusi, mafundi friji, wapishi wa hoteli za Shelly Beach. Unadhani wangapi walikuwa na karatasi? Kumi na mmoja. Watu wameujenga mtaa huu, wameulisha na kuuvisha, na ukiwauliza cheti wanakutolea kitambulisho. Leo wenye vyeti ni sabini na wanne. Hatujafika hata nusu, na daftari bado liko mkobani.

Nisisahau kukusimulia ya Fondo, yule mwashi aliyemjengea Mama jiko. Mtihani wake ulikuwa kujenga pembe ya ukuta. Akaijenga imenyooka hadi watahini wakaipiga picha. Kisha ikabomolewa, kama utaratibu ulivyo, ili matofali yatumike kwa mwingine. Fondo akakataa kuondoka. Alitaka aonyeshwe kosa lake. Wakamwambia hana kosa, amefaulu tena vizuri sana. "Sasa mbona mwaibomoa?" akauliza, na hakuna jibu lililomtosha. Cheti anacho, lakini akipita pale hageuzi uso.

Jina la kwanza nililotaka kuliandika kwenye daftari lilikuwa la Kaka, na ndilo lililochelewa kuliko yote. Kila nikimwambia, ananijibu bila kuinua macho kwenye sindano: "Watu wavaa nguo zangu, Nadira. Karatasi hawavai."

Kilichombadilisha ni chuo. Unajua kwamba kwa miaka tisa Kaka amekuwa akifundisha kushona siku tatu kwa wiki katika chuo kimoja cha ufundi hapa Likoni. Wanamwita msaidizi. Walimu wawili wanaoitwa walimu pale aliwafundisha yeye namna ya kushika mkasi. Mwezi wa tano bodi ya chuo ikatoa barua kwamba kuanzia Januari 2026, asiye na cheti hatasimama mbele ya wanafunzi, awe nani. Kaka aliisoma mara tatu, akairudisha kwenye bahasha na kuifunga kana kwamba haijafunguliwa.

Wewe hujamwona siku zake za chuo, ndiyo maana nakueleza. Huvaa kanzu iliyopigwa pasi usiku uliotangulia, na ile kofia yake ya vito iliyodariziwa kwa mkono, na hutoka nyumbani kabla ya wanafunzi wenyewe kuamka. Chaki akirudi nayo mikononi haoshi haraka. Ile shule aliyoiacha darasa la sita aliipata tena mle, kwa mlango mwingine, na sasa mlango ulikuwa unafungwa. Jioni ya ile barua alinijia jikoni. "Haya, Nadira," akasema. "Niandike."

Hapa lazima nieleze jambo ambalo watoto wako hawawezi kulijua, maana huko nguo hununuliwa zikiwa zimetundikwa. Fundi wa kiume wa kwetu, wa mtindo wa zamani, hampimi mwanamke. Mwanamke humpelekea fundi nguo yake moja inayomkaa vizuri, au humtuma mtu nayo. Nguo hiyo ndiyo kigezo. Fundi anaitandaza mezani, anaipima kwa shibiri na kwa jicho, anashona mpya, kisha anarudisha zote mbili. Kuna wanawake wa Likoni hii ambao Kaka amewashonea miaka thelathini na hawajui kwa sura. Hata wanaume kwa mazoea humletea kigezo tu. Tepu ya kupimia anayo siku zote, lakini ni ya kupimia vitambaa. Mwili wa mtu hakuwa ameupima.

Siku ya mtihani, mwezi wa saba, nilikuwepo kwa sababu ya uandikishaji, nimekaa nyuma kabisa. Watahini walikuwa wawili. Bi Philister, mwanamama mtulivu wa miwani, na Bwana Elkana, aliyekuwa na fomu. Kazi ilikuwa kumpima mteja, kuandika vipimo kumi na viwili kwenye fomu, kukata, na kushona gauni kwa saa sita. Mteja walimchagua Kadzo, msichana mmoja katika wanafunzi wa Kaka mwenyewe.

Kaka alimsalimia Kadzo, akamuuliza hali ya wazazi, kisha akamwambia, "Mwanangu, hebu nenda kaniletee gauni lako linalokukaa vyema."

"Fundi," Bwana Elkana akasema, "mteja si huyu hapa mbele yako?"

"Namuona. Nguo yake iko wapi?"

"Tunataka umpime."

"Mimi sijapata kumpima mwanamke kwa mkono wangu, na leo sianzi. Huyu yuwataka gauni. Kushikwashikwa hataki."

Watu wakacheka. Bwana Elkana hakucheka, aliandika. Mimi kule nyuma nikajua mambo yameharibika, na sheria ilinikataza kufungua mdomo. Unaweza kupata picha ya mateso yangu.

Kaka akamtazama Kadzo mara moja tu, kama mtu anayetazama saa, akageukia meza na kukata. Saa ya nne ilipoisha gauni lilikuwa tayari. Kadzo alilivaa, likamkaa mabegani, likamkaa kiunoni, likaanguka vizuri hadi chini. Bi Philister alimzunguka mara mbili akitafuta kasoro. Lakini kwenye fomu ya Kaka visanduku kumi na viwili vilikuwa vyeupe.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu: hajafikia kiwango. Kukata alama zote, kushona alama zote, kumalizia alama zote, kupima sifuri. Na kupima ni sehemu ambayo ukiikosa, zilizobaki hazikusaidii. Kaka aliisoma ile karatasi amesimama mlangoni mwa duka. "Miaka hamsini na minane," akasema. "Nimeanguka nguo." Akafunga duka saa nne asubuhi. Duka ambalo halifungwi ila kwa Idi na maziko lilikaa limefungwa siku kumi. Chuoni alituma salamu kwamba anaumwa. Nyumbani cherehani ya Baba aliifunika shuka. Mahfudh, niliogopa siku zile. Nilijiona mimi ndiye niliyempeleka kaka yangu kuaibishwa uzeeni.

Uoga wangu haukai sana, hugeuka hasira. Nilivaa buibui langu la mikutano nikavuka feri hadi ofisini kwa Bi Philister, na niliyoyasema pale sitayaandika kwa kuwa watoto wanasikiliza. Yule mama aliniacha nimalize yote. Kisha akanigeuzia kitabu cha mwongozo. "Soma mwenyewe, dada," akaniambia. Nikasoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Kimeandikwa kwamba vipimo vya mteja vichukuliwe kwa njia inayokubalika na viandikwe. Kimeandikwa pia kwamba aliyekosa sehemu moja anaweza kuirudia sehemu hiyo peke yake. Nikageuza ukurasa, nikarudi nyuma, nikageuza tena.

"Mbona haikuandikwa tepu ishikwe na mkono wa nani?" nikamuuliza.

Bi Philister akavua miwani. "Nimetahini miaka kumi na miwili," akasema, "na hilo bado sijaulizwa."

Usinione najisifu, au nione, sijali. Nilisoma kidato cha nne nikiwa mtu mzima ili siku kama ile niweze kukisoma kitabu cha watu mbele yao wenyewe. Nilirudi kwenye feri kichwa juu.

Lakini Kaka hakutaka kusikia. Nilimweleza akiwa amenipa mgongo. Safa akamweleza, naye akapewa mgongo. Aliyemuweza ni Kadzo. Alikuja siku ya kumi, akabisha duka lililofungwa hadi Kaka akatoka mwenyewe. Alikuwa na mkono wa shati uliokataa kukaa begani, akataka aonyeshwe. Kaka akamwonyesha pale pale mlangoni, bila kuketi. Kadzo alipomaliza kukunja kitambaa chake akasema, kwa adabu kabisa, "Fundi, mwakani na mimi nafanya mtihani huu huu. Nikianguka, nije tukae sote humu ndani na mlango tufunge?"

Kaka alimtazama, nusura acheke. Kesho yake duka lilifunguliwa.

Akaanza mazoezi. Mtu wa kwanza kupimwa alikuwa mkewe, na hapa ndipo wifi yangu alipopata haki yake. Miaka ishirini Safa amekuwa akilalamika kwamba magauni yanambana, na miaka ishirini Kaka amekuwa akimjibu kwamba ni vitambaa vya siku hizi, vinarudi vikifuliwa. Kumbe alikuwa akimshonea kwa kigezo cha gauni lililoshonwa kabla ya mtoto wa mwisho kuzaliwa. Tepu ilipomzunguka, Kaka aliisoma, akaisoma tena, akavaa miwani akaisoma mara ya tatu. "Ehe," Safa akamwambia, "nambia sasa ni kitambaa!" Nilicheka hadi nikakaa chini. Kaka hakucheka. Aliikunja ile tepu, kisha akamwomba mkewe radhi mbele yangu, jambo ambalo sikuwahi kulishuhudia tangu waoane. Wiki ile ile alimshonea magauni matatu.

Kwa wanawake wengine alibuni njia yake. Yeye anasimama hatua mbili mbali, anamwelekeza mteja aweke tepu wapi, mteja anaishika mwenyewe na kuisoma namba, naye anaiandika. Lakini jicho halimtoki. "Umevuta sana, legeza." "Kiuno chako si hapo, shuka kidogo." "Hiyo umejipunguzia inchi nzima, mwanangu, gauni halitakuonea haya." Tulipimwa sote mtaani, hata tusiohitaji nguo.

Marudio yalikuwa mwisho wa mwezi wa tisa. Kadzo aliitwa tena kuwa mteja, akaja amevaa lile lile gauni aliloshonewa siku ya kwanza. Kaka alipomwona akasema, "Leo ndiyo waja na kigezo, nami sikitaki tena!" Safari hii hata Bwana Elkana alicheka. Vipimo kumi na viwili vikachukuliwa vile alivyojifunza, akaviandika kwa ule mwandiko wake wa darasa la sita, mzuri kuliko wangu na wako. Kisha Bi Philister akampima Kadzo upya kwa mkono wake ili kulinganisha. Kumi na kimoja vilikuwa sawasawa. Cha kumi na mbili kilitofautiana robo inchi, na Kadzo akakiri kwamba alikuwa amebana pumzi. Bwana Elkana alimpa Kaka mkono na kumwita mwalimu.

Cheti kilifika tarehe kumi na nne Oktoba. Kaka alinawa mikono kwanza, akakausha, ndipo akakipokea. Akapitisha kidole juu ya jina lake taratibu kama anavyokagua mshono. Halafu akaniuliza mimi, si Safa, "Baba angesemaje?" Nikalia. Kwa mtengeneza fremu hakukipeleka. Alikishonea mfuko wa kitambaa cheupe cha kanzu, ukingoni ameudarizi kwa mkono, na umetundikwa dukani chini ya picha ya Baba. Kila mteja akiingia lazima akitazame kabla hajasema shida yake. Wengine wameanza kupitia njia nyingine, usimwambie.

Bodi ya chuo imemwandikia. Kuanzia Januari yeye ni mwalimu wa kushona, na lile neno msaidizi limefutwa. Ile njia yake ya kupima sasa inafundishwa kwa wanafunzi wote, na wanawake wengi waliokuwa wakiona haya kuja kushonewa chuoni wameanza kuja.

Tena lipo kubwa zaidi. Jumamosi ya tarehe 20 Desemba watu sitini na watatu wa mtaa wetu wanavishwa majoho na kukabidhiwa vyeti vyao tena, safari hii hadharani, katika uwanja wa chuo. Majoho hayakukodiwa. Kaka na wanafunzi wake ndio wanaoyashona, na amempima kila mmoja. Fondo alitaka lake liwe na mfuko wa pima maji, akakataliwa.

Wa mwisho kupimwa alikuwa Kaka mwenyewe, maana fundi hawezi kujipima. Akaniita mimi, dada yake. Mahfudh, sijawahi kumgusa Kaka mabegani tangu tulipokuwa watoto. Nikanyoosha tepu huku yeye akinielekeza, nikasoma bega la kushoto, nikasoma la kulia, nikadhani nimekosea. Nikarudia. Bega lake la kulia limeshuka kwa inchi moja na nusu kuliko la kushoto. Ni kuinamia cherehani miaka arobaini na mitano. Nguo zake anazishona mwenyewe na kulificha bega kwa pamba, ndiyo maana hatukuona, wewe wala mimi. Nilimwuliza niandike namba gani. Akasema, "Andika ulichokiona." Basi joho lake limekatwa hivyo, bila pamba.

Nina fahari, ndugu yangu. Sijui neno jingine. Nikitembea barabarani na daftari langu naona watu sabini na wanne, na mmoja wao ni kaka yangu.

Kila anayevishwa joho amepewa kadi mbili za wageni. Ya kwanza Kaka ameandika jina la Safa. Ya pili nilijua ni yangu, hadi akaniambia kwamba mimi nitaingia kwa kazi yangu ya uandikishaji. Ya pili ina jina lako, kwa ule mwandiko wake. Nimeitia ndani ya bahasha hii, itafute isije ikapotea. Miaka kumi na mmoja hujaja. Najua kazi, najua shule za watoto, najua yote unayoyasema kila mara, na sitayajibu hapa.

Safa anakusalimu sana, na anasema uje umwone alivyopendeza. Fondo anakusalimu, anauliza kama huko pia hubomoa. Kadzo hakujui lakini anakuamkia, shikamoo. Msalimie mkeo, wabusu watoto, na uwaambie shangazi yao amewataja kwa majina katika dua. Mwenyezi Mungu akupe afya, akuwekee wepesi wa safari, na atukutanishe tukiwa hai sote watatu.

Sasa fungua kifurushi.

Ndiyo, ni ile kanzu yako ya mwaka 2001, uliyomwachia Kaka iwe kigezo ulipoondoka. Kwa kanzu hiyo amekushonea kila Idi kwa miaka ishirini na minne. Ulipokuja kumzika Mama ulivaa mojawapo imekubana kwapani, ukasema iko sawa, na Kaka aliona akanyamaza. Juzi aliitoa kabatini, akaipiga pasi mwenyewe, akanikabidhi. Nilimwambia nikupigie simu, mkeo akushikie tepu, utusomee namba kama anavyowafanyia wateja wake. Akakataa.

"Mrudishie," akasema. "Hii ni ya kijana aliyeondoka hapa. Mimi nataka kumshonea huyu aliyeko sasa. Kitambaa nshanunua, ki mezani. Aje apimwe."

Dada yako akupendaye hata unapochelewa kujibu,

Nadira